Kapita wa Wagoni ya Mahindi

Kapita alikuwa anakaa juu ya wagoni, behewa la mizigo, kama mtu aliyekaa mlangoni kwake jioni. Miguu ameikunja, mgongo ameupa upepo, kofia ya sufu ameivuta mpaka kwenye nyusi hata jua likiwaka namna gani. Sisi wengine tulikuwa tunashikilia kamba, tunashikilia magunia, tunashikiliana wenyewe kwa wenyewe. Yeye hakuwa anashika kitu. Siku ya kwanza nilimwuliza kama haogopi, akanitazama kama anavyotazamwa kuku aliyeingia kanisani.

"Weye unatoka wapi?"

"Bel-Air," nikataja mtaa wetu.

"Bel-Air. Na patalo imepigwa pasi." Wenzake wakaitazama suruali yangu, wakacheka. "Bon. Kaa hapa katikati, Bel-Air. Usianguke, utaharibu pasi."

Kapita, kwetu Lubumbashi, ni yule anayesimamia wafanyakazi. Yeye hakuwa na wafanyakazi, wala kazi mwenyewe. Hakuna aliyemchagua. Alikuwa tu ametuzidi miaka michache, na juu ya treni za mizigo mtu akikaribia thelathini ni mzee tayari, anaamkiwa kwa heshima na kuachiwa mahali pasipo na moshi. Jina lake la nyumbani nililijua baadaye, lakini sikuwahi kulitumia. Nilimwita Kapita, na nilipotaka kitu nilimwita Yaya, kama kaka mkubwa.

Wakati ule baba alikuwa ameachishwa kazi mgodini, na shule yangu ikasimama pale iliposimama. Sikuhuzunika sana. Nilikuwa na mipango. Vijana wote tuliopanda treni tulikuwa na mipango, hiyo ndiyo mizigo yetu. Wa Kasai walikuwa wanashuka kuja Katanga kwa sababu walisikia machimbo yanachukua watu. Wa kwetu tulikuwa tunapanda mpaka Kaniama kufuata mahindi, au tunateremka Sakania, kwenye mpaka, ambako malori yanapanga mstari na labda utapata la kupakua. Kila mmoja alikuwa amesikia kwamba kule anakokwenda kuna kazi. Njiani tulikuwa tunapishana na waliotoka kule, nao wamesikia kwamba kazi iko kwetu. Treni mbili zinasimama kwenye kituo kimoja, wanatazama huku, tunatazama kule, hakuna anayemwambia mwenzake kitu. Kapita peke yake alikuwa anawapungia mkono.

"Yaya, juu ya nini hatuwaambie?"

"Tuwaambie nini? Bakirudia, batakula nini kule? Acha bafike kwanza. Tutaona Likasi."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake, kwa jina la mji wa njiani. Tutaona Likasi. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, tutaona Likasi. Kama polisi wa reli watatushusha, kama kidonda cha mguu kitapona, kama mwanamke fulani wa Tenke anampenda, majibu yote yalikuwa Likasi. Alilisema hata tulipokuwa tunakwenda Sakania, upande mwingine kabisa, ambako ungeweza kusafiri mpaka uzeeke na Likasi usiione.

Alikuwa msafi kuliko sisi. Kabla ya kila kituo kikubwa alimwaga maji kidogo kwenye kikombe, akaosha uso, masikio na shingo, kisha akatupitishia sisi mabaki. Alisema watu wa kituoni wameshajiandaa kuona watu wachafu, tusiwape hiyo raha. Alikataza wizi. Magunia ya mahindi tuliyokalia yalikuwa ya wafanyabiashara, na ole wake atakayetia kidole kwenye mshono. Lakini sabuni aliiba. Aliiba bila haya: kwenye bomba la hospitali, kwenye choo cha baa, mara moja kwa padri aliyetupa chakula. Alikuwa na mfuko mzima wa vipande vya sabuni, vyeupe, vya kijani, vingine vimebaki ukubwa wa kucha.

"Na hii si wizi?" nilimwuliza.

"Sabuni haina ya mutu. Inaisha yenyewe." Akafunga mfuko wake. "Ni ya mama. Nikirudia, nitafikia na kitu."

Baba yangu mdogo hakupenda nitembee na watu wa Kasai. Alisema wanashuka na treni kama mchanga. Nilimpelekea Kapita maneno hayo, maana naye alitoka Kasai, nikidhani atakasirika. Akafikiri kidogo, akasema, "Umwambie mchanga unamusalimia." Kisha akanipa nusu ya muhogo wake nimpelekee. Baba mdogo aliula. Hakusema kitu tena juu ya mchanga kwa majuma kadhaa.

Sasa niseme juu ya unga, maana bila unga huwezi kumjua Kapita.

Kabla treni haijaondoka, kila aliyepanda kwenye wagoni yetu alitia kiganja kimoja cha unga katika mfuko mmoja. Mkubwa kwa mdogo, kiganja kimoja. Asiye na unga aliazimwa na jirani, lakini lazima mkono wake mwenyewe uingie kwenye mfuko. Magurudumu yakianza kuzunguka, Kapita aliita, hakuita majina, aliita mahali mtu alipotoka.

"Kananga?"

"Niko."

"Luputa?"

"Niko."

"Bel-Air na pasi yake?"

"Niko."

Mwisho sisi wote pamoja tulimwita yeye, "Kapita?" naye akajibu, "Niko." Asubuhi, kabla ya kuwasha moto popote treni iliposimama, mwito ulirudiwa. Wote wakiitika, tulipika bukari, ugali wetu. Mmoja asipoitika, unga haupikwi. Mfuko unafungwa, watu wanateremka, anatafutwa. Mara nyingi alikuwa kichakani na tumbo lake, au amelala wagoni nyingine kwa msichana. Alirudi tukamtukana kwa njaa yote tuliyokuwa nayo, kisha tukala.

Nilimwuliza sababu. Alisema alipokuwa anashuka mara ya kwanza kutoka kwao, kijana mmoja alipotea njiani, na watu wa wagoni hiyo waligundua walipokuwa wameshakula na kunawa. "Mukono yake ilikuwa mu chakula yetu," alisema. "Tulikula mukono yake na hatukujua." Basi. Hakulieleza zaidi ya hapo.

Mimi kazi yangu juu ya wagoni ilikuwa kuota. Sisemi kwa aibu. Nilikuwa nataka kujenga hoteli Sakania, ndogo, ya watu wa treni. Vitanda vyenye shuka nyeupe, maji ya moto, sahani za kweli. Mtu ashuke juu ya magunia, aoge, alale kitandani kama mbunge, asubuhi aendelee na shida zake. Nilikuwa naieleza hoteli hiyo chumba kwa chumba. Wengine walichoka nayo. Kapita alinicheka, akaacha kuniita Bel-Air nje ya mwito, akaniita Patron. Lakini jioni treni ikisimama porini, yeye ndiye aliyesema, "Patron, tupeleke kwa hoteli kidogo."

Yeye alitaka kuwa sentineli, mlinzi wa geti.

"Si nikupatie ofisi, Yaya?"

"Ofisi ya nini? Nipatie kiti na tochi. Lakini mulango iangalie reli. Nataka treni ya Kasai ikifika, mimi niwe wa kwanza kuona nani anashuka."

Nikageuza mlango wa hoteli yangu. Mwanzoni ulikuwa unatazama barabara. Nikauweka upande wa reli, na kiti chake chini ya taa. Siku nyingine alikumbuka mvua, tukaongeza kibaraza.

Nisiwadanganye, hakuwa mtu mtamu siku zote. Alikuwa na siku za kunyamaza. Alikuwa na hasira ya karibu, na mkono wake haukuwa mbali na hasira. Kila mtu aliyekutana naye alimshauri arudi kwao: "Mutoto, rudia kwa mama yako, hapa haina kitu." Yeye mwenyewe hakurudi. Tulipofuata mahindi alipanda nasi mpaka Kaniama, ambako Katanga inaishia. Pale alishuka, akasaidia kupakia, akasubiri treni ya kurudi. Ng'ambo ya Kaniama ndiko Kasai inakoanza, na mji wa kwao haukuwa mbali sana. Hakuvuka. Alisimama mwisho wa kituo, akatazama treni inavyopinda na kupotea, kisha akaja kutukemea kwamba tumefunga magunia vibaya.

Mama yake alikuwa anapiga simu. Walizungumza Kiluba cha Kasai, mimi nilipata neno hapa na pale, mengine alinitafsiria bila kuombwa, kama mtu anayetaka shahidi. Kila mara mama aliuliza safari imefikia wapi. Kila mara alijibu kwamba wanasubiri masini ya kuvuta treni. Na uongo huo haukuwa uongo kabisa. Kwetu treni inaweza kukaa siku nyingi imepangwa tayari, watu wamepanda, wamepika, wamefua, wamegombana na kupatana, na kichwa chake hakijapatikana.

"Anasema, masini bado?"

"Ukamujibu nini?"

"Nimesema bado." Akaweka simu kifuani. "Anasema nikuye tu, nifike. Ata mikono mitupu, nikuye."

"Si uende, Yaya."

"Nitaenda. Si ni vile anasema."

Halafu akaja Tshibangu. Alikuwa kijana wa mtaa wao, na mlango wa nyumba yao ulitazamana na mlango wa mama yake Kapita, njia ndogo tu katikati. Kapita mwenyewe ndiye aliyemwita kwa simu. Alimwambia aje, watasaidiana. Kijana akashuka mpaka Kaniama, tukamkuta pale anatungoja amevaa shati la kanisani. Alikuwa na kicheko kinachoanza kabla ya mzaha kwisha. Aliipenda hoteli yangu mara moja, akaomba kazi ya jikoni.

Kapita alimweka katikati ya magunia, mahali pangu pa zamani. Alimwonyesha namna ya kufunga kamba kiunoni. Alimtia mkono wake kwenye mfuko wa unga akisema, "Sasa uko wa kwetu." Nikasikia furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Njia nzima mpaka Kamina aliimba, na sauti yake, niseme ukweli, ilikuwa mbaya.

Asubuhi tulikuwa karibu na Bukama. Treni imesimama, ukungu umelala juu ya majani. Kapita akaita.

"Kananga?"

"Niko."

"Bel-Air?"

"Niko."

"Mutaa yangu?"

Alikuwa amempa jina hilo, mtaa wangu.

"Mutaa yangu?"

Kamba yake ilikuwa pale, imefungwa kwenye gunia, upande wa pili umefunguliwa. Labda alitaka kujinyoosha. Labda kukojoa. Hatukujua, na hakuna aliyebaki wa kutuambia.

Kapita aliuchukua mfuko wa unga, akaufunga, akateremka. Mimi nikamfuata. Treni haikutungoja. Tulitembea kurudi nyuma juu ya mataruma, jua likapanda, tukawakuta watu wa kijiji wamesimama pamoja kando ya reli, wameshamfunika kwa kitenge. Wao ndio waliochimba kaburi. Kapita aliwapa unga wote. Mzee mmoja alikataa, akasema msiba haulipwi, Kapita akamwambia, "Baba, si malipo. Huu unga siye hatuwezi kuukula." Wakaupokea.

Simu aliipiga mwenyewe, kutoka Bukama. Nilikuwa karibu, nikamwona anashikilia ukuta. Mama yake Tshibangu hakulia mwanzoni. Kapita alinitafsiria tulipokuwa tumekwisha kupanda treni nyingine, na Likasi imeshapita. Alisema mama yule aliuliza jambo moja tu.

"Aliuliza, alikuwa amekula?"

"Ukasema nini?"

"Nilisema ndiyo."

Baada ya hapo aliendelea kupanda treni, kwa sababu mtu wa namna yetu angefanya nini kingine, lakini kofia ilikaa juu ya wagoni na mtu hakuwapo. Alianza kushika kamba. Kwenye daraja la Bukama aligeuza uso. Mwito alimwachia Kabongo, kijana wa Luputa, mwenye sauti nzuri na akili ya kutosha, na sisi tuliendelea kumwita Kapita yule wa zamani, maana Kabongo mwenyewe alikataa jina hilo. Mama yake Kapita alizidi kupiga simu. Macho yalikuwa yanamwacha, alisema, aje kabla hayajafunga kabisa, amwone. Yeye akajibu masini. Hoteli aliacha kuniuliza.

Mimi niliacha treni baada ya mama yangu kuugua. Nikabaki Bel-Air, nachaji simu za watu, nauza vocha, naota kwa sauti ndogo. Kapita nilimwona mara kwa mara akipita kando ya reli. Alikuwa amekonda, lakini uso ameosha.

Kisha asubuhi moja akaja mpaka mezani kwangu. Amevaa suruali safi. Ameipiga pasi.

"Patron, niazime unga kiganja moja."

"Ya kwenda wapi?"

"Kwa mama."

Nilifunga biashara palepale. Mama akampa unga, akataka kumwongezea, Kapita akakataa: kiganja ni kiganja. Akaubeba ndani ya mkono uliofungwa, njia yote mpaka kwenye mawagoni yaliyopangwa nje ya gare, stesheni yetu, na mimi nimebeba mfuko wake wa sabuni. Nilikuwa naongea kama redio. Nilimwambia mama atakavyomshika uso. Nilimwambia watu wanasahau, na wasiposahau wanasamehe, na asiyesamehe anazoea.

"Na mulango ya ng'ambo ya njia?" aliuliza.

"Utapiga hodi."

"Nitasema nini?"

Nikasema, "Tutaona Likasi, Yaya." Akacheka kidogo.

Masini ilikuwapo. Ilikuwa imeshafungwa mbele, inanguruma, moshi wake unakwenda upande wa mji. Nilimwona anaitazama kama mtu anavyotazama mgeni aliyefika mapema. Vijana walikuwa wamejaa juu ya wagoni, sura nyingi sizijui, Kabongo katikati yao. Walimvuta Kapita juu kwa shangwe. Kabongo akafungua mfuko, Kapita akatia mkono, akauacha humo muda zaidi kuliko inavyohitajika. Nikamrushia sabuni. Alizungumza na Kabongo karibu na sikio, akampa ule mfuko wa sabuni, akamwonyesha kwa vidole: viwili. Nyumba mbili, zinazotazamana.

Hapo ningepaswa kuelewa, lakini nilikuwa nafurahi.

Akateremka upande wangu. Alisema anakwenda kukojoa. Akasimama nyuma ya nguzo, hakukojoa. Treni ikapiga mshtuko, wagoni moja ikaisukuma nyingine mpaka mwisho wa mstari, na vijana wakaanza kupiga kelele na kujipanga, vumbi likainuka, kila mtu anashikilia kitu chake.

"Yaya, panda."

Hakunisikia, au alinisikia.

"Yaya, inaenda. Mama anakungojea. Panda."

"Nimeona mulango," alisema. "Nilitia mukono mu bunga, nikaona tu ule mulango."

Juu Kabongo alikuwa ameanza kuita. Kamina. Niko. Mwene-Ditu. Niko. Sauti zinapita mbele yetu polepole, moja baada ya nyingine. Nikaelewa kitu ambacho Kapita alikielewa kabla yangu: unga wake umo. Vijana wale wote, na njia ndefu ile, na kiganja chake kimo katika mfuko wao. Wakimwita asipoitika, mfuko utafungwa.

"Kapita?" wakaita wote pamoja, kama desturi.

Alitoka nyuma ya nguzo. Akaweka mikono mdomoni, akainua uso, na kwa sauti ile ya zamani, ya siku za kofia na upepo, akajibu:

"Niko."

Kule juu wakashangilia. Wagoni ya mwisho ikapita, reli ikabaki inalia kidogo, halafu ikanyamaza.

"Sasa batakula," alisema.

"Na kesho asubuhi? Kabongo ataita tena."

Alifuta unga uliobaki kwenye vidole vyake, akaufutia kwenye suruali ya pasi.

"Kesho watakuwa Likasi," akasema.

Tulirudi kwa miguu kando ya reli, kuelekea Bel-Air. Simu yake ililia mfukoni, ikalia mpaka ikachoka, ikaanza tena. Hakuitoa. Karibu na nyumba za kwanza akasimama kutoa jiwe katika kiatu, akanishika bega asianguke.

"Patron. Ile hoteli bado unatafuta sentineli?"

"Kazi ni yako, Yaya. Nani mwingine? Kiti kipo, kibaraza kipo. Mlango unatazama reli, kama ulivyotaka."

Akavaa kiatu. Akaendelea kushika bega langu hata alipokwisha kukivaa.

"Ugeuze," alisema. "Uuweke upande wa barabara."